Uvimbe wa taya: Siri imo katika vijinyuzi vidogo

Mzazi, mtoto wako akikujia asubuhi na kukuonyesha jino linalocheza, bila shaka utamwambia ni meno ya utotoni yanang'oka. Mara nyingi utakuwa umesema kweli. Lakini je, ukiona meno kadhaa yamelegea kwa pamoja, shavu limefura, na uvimbe wa wiki hii si ule wa wiki jana? Huko si kung'oa meno. Huenda ikawa ni saratani ya Burkitt, na saratani hiyo haingoji mshahara wa mwisho wa mwezi. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ugonjwa huu ni wa nyumbani kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alikuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alipoandika juu yake mwaka 1958. Mnamo 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu, wakasafiri maili 10,000 hivi kuelekea kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waligundua kwamba uvimbe huo hupatikana palipo na joto na mvua nyingi, mahali ambapo malaria haiondoki. Hapa Kenya, Nyanza, Magharibi na Pwani ndiko unakojulikana zaidi. Halafu mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani ya seli zilizotokana na uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho chaitwa Epstein-Barr hadi leo.

Pengine sasa unauliza: mbona watoto wengi wa kwetu hupata kirusi hicho kwa njia ya mate wangali wadogo, wakaumwa malaria mara kwa mara, na bado hawashikwi na saratani? Jibu limo ndani ya seli, katika jeni moja inayoitwa MYC.

Ili kuielewa, tembelea Gikomba kwa mawazo. Tuseme kuna karakana yenye ofisi ndani. Ofisini mna kitabu kikubwa kisichotolewa nje, nacho ndicho DNA. Karani hunakili ukurasa mmoja kwenye kikaratasi, akampelekea fundi, naye fundi akaunda kinachotakiwa. Kikaratasi ni RNA, na kinachoundwa ni protini. Nilipokuwa shule, masomo ya RNA yaliishia hapo hapo, tukafanya mtihani tukapita.

Kumbe kulikuwa na mwingine karakanani. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja, walitambua kijinyuzi cha RNA chenye herufi 22 hivi kisichounda protini yoyote. Kazi yake ni kunata kwenye kikaratasi cha fundi, kikaratasi kisisomeke au kichanwe kabisa. Watu wachache walijali, kwani nani ana haja na mnyoo? Mwaka 2000 kijinyuzi kingine, let-7, kilipatikana katika mnyoo na pia katika binadamu, na hapo ndipo wengi walipozinduka. Ambros na Ruvkun walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Vijinyuzi hivyo huitwa maikro-RNA.

Sasa rudi kwa MYC. Huyu ni msimamizi wa karakana: protini yake huamuru jeni nyingine zifanye kazi ili seli ikue na kugawanyika. Katika mtoto mzima wa afya, MYC hupaza sauti kidogo kisha hunyamaza. Lakini malaria ya mara kwa mara huzisukuma seli za damu zinazotengeneza kingamwili zigawanyike ovyo, na katika pilkapilka hiyo DNA hukatika na kuunganishwa vibaya. Katika saratani ya Burkitt, kwa kawaida MYC huhama kutoka kromosomu ya 8 hadi ya 14, ikatua kando ya jeni za kingamwili ambazo katika seli hizo hazilali. Nayo basi hailali tena.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza. Kijinyuzi let-7 kina uwezo wa kukizuia kikaratasi cha MYC. Mwaka 2007 watafiti walikiongeza katika seli za Burkitt, MYC ikapungua na seli zikapunguza mwendo. Lakini MYC nayo si mjinga. Huamsha protini iitwayo LIN28, ambayo huzuia let-7 isikomae. Yaani mshtakiwa amemfungia askari ndani ya seli ya polisi! Isitoshe, MYC huchochea kundi jingine la vijinyuzi, miR-17-92, ambalo huchana vikaratasi vya BIM, protini ambayo huiambia seli iliyoharibika ijiue. Panya waliowekewa MYC pamoja na kundi hilo mwaka 2005 walipata saratani upesi kuliko wale wa MYC peke yake.

Na kirusi je? Mwaka 2004 iligunduliwa kuwa Epstein-Barr ana maikro-RNA zake mwenyewe, kirusi cha kwanza kujulikana hivyo. Huzitumia kujificha na kuisaidia seli aliyopanga isife.

Usidhani basi dawa ya vijinyuzi iko tayari dukani. Marekani walijaribu moja mwaka 2013, iliyoiga kijinyuzi miR-34 ambacho huamshwa na p53, jeni inayolinda mwili dhidi ya saratani mbalimbali. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kinga za wagonjwa kuchachamaa, wanne walifariki. Kwa maoni yangu, waliolisimamisha walifanya jambo la maana.

Kinachotibu Burkitt kwa sasa ni dawa za saratani za kawaida, kama cyclophosphamide, na mbio zile zile za seli ndizo huzifanya zidhurike upesi na dawa. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukinywea ajabu katika miaka ya 1960. Watoto wengi hupona kabisa wakianza mapema na kumaliza sindano zote. Kwa hiyo ukiona taya limefura, au tumbo, kwa maana huko pia hutokea, usianze na mng'oa meno wala dawa ya kupaka. Mpeleke mtoto hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, na umwombe daktari akate kinyama kidogo cha uvimbe kipimwe kwa hadubini.