Dream Theater: Portnoy amerudi, lakini njia ni ile ile

Kundi la metal la Marekani, Dream Theater, lilitoa albamu Parasomnia tarehe 7 Februari 2025. Ni ya kwanza pamoja na mpiga ngoma Mike Portnoy tangu 2009: aliondoka 2010, akarudi 2023.

Nyimbo 8 zinazungumzia matatizo ya usingizi, kama vile ndoto za kutisha na kutembea usingizini. Nguvu iko katika mapigo: Portnoy na mpiga gitaa John Petrucci wanaelewana kama ndugu waliokulia nyumba moja. « Bend the Clock », wimbo wa polepole, unagusa moyo.

Udhaifu upo pia. Wimbo wa mwisho unapita dakika 19, na sehemu nyingi zinakumbusha albamu zao za zamani. Aliyengojea Portnoy atafurahi. Aliyengojea jambo jipya atabaki na njaa.