Kiatu cha usaili: usimtumie mteja picha kabla hujamuuliza maswali haya

Leo naandika kosa langu mwenyewe, ili wewe unayeuza viatu kwenye simu usilirudie.

Mimi nauza viatu hapa Kilindoni, Mafia. Sina fremu. Duka langu ni status ya WhatsApp na kabati la chumbani. Usiku mmoja ikaingia meseji: "Dada shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili Dodoma. Naomba kiatu cheusi namba 39, kisizidi elfu thelathini."

Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu," nikamtumia picha tatu. Akachagua kimoja cha kufunika, kisigino kifupi, kinang'aa kabisa. Asubuhi kikapanda bodaboda kwenda Kirongwe. Biashara ya dakika kumi, nikajipongeza.

Siku ya usaili, akiwa kwenye foleni, soli ya mguu wa kulia ikaanza kumeguka kama mkate mkavu. Akaingia kwenye mahojiano anaburuza mguu. Aliponipigia hakunitukana. Alisema tu, "Dada, wananiuliza swali, mimi nawaza soli isibaki pale mlangoni." Nikamrudishia hela yake yote. Hela ilirudi, lakini ile siku haikurudi.

Kiatu kile kilikuwa kipya, hakijawahi kuvaliwa. Kumbe shida ndiyo hiyo: kilikuwa kimekaa muda mrefu.

Kwa nini soli inameguka yenyewe

Kuna soli nyepesi, laini, kama sponji ngumu. Inaitwa poliurethani. Unyevu wa hewani unaila taratibu kwa ndani hata kama kiatu kiko kwenye boksi, na joto linaongeza kasi. Sisi wa kisiwani, joto na unyevu ndiyo hewa yetu ya kila siku. Kwa hiyo kiatu kinaweza kung'aa juu na kuwa kimekufa chini.

Kabla ya kutuma, fanya hivi:
- Kikunje katikati mara kumi. Angalia kama soli inatoa ufa.
- Bonyeza soli kwa ukucha. Ikinata, ikiacha shimo au ikitoa unga, usiuze.
- Vuta soli kwenye ncha ya mbele. Ikiachia hata kidogo, gundi imechoka.
- Angalia uzi wa pembeni. Viatu vingine uzi ni mchoro tu, haujashona kitu.

Kama kiatu ni kizuri ila gundi ndiyo imechoka, mpelekee fundi viatu akishone kuzunguka soli. Ongeza gharama hiyo kwenye bei na umwambie mteja. Wa usaili atakuelewa. Ila soli yenyewe ikishaanza kumeguka, hapo kushona hakusaidii.

Maswali matatu ya kumuuliza mteja

1. Unaenda kuomba kazi gani?
Ya ofisini au ualimu: cheusi au kahawia iliyokolea, cha kufunika, kisicho na mapambo. Mwanaume mpe cha kamba au moka, na soksi nyeusi (hapo umeuza vitu viwili). Ya hotelini, kama hizi za kwetu Utende: soli isiyoteleza ndiyo ya kwanza, maana anaweza kuambiwa ashike trei au aingie jikoni siku hiyo hiyo. Dada ambaye hajazoea mchuchumio, usimuuzie mchuchumio. Usaili una foleni na kusimama sana.

2. Mguu wako una sentimita ngapi?
"Navaa 39" haitoshi, namba zinatofautiana kiatu kwa kiatu. Mwambie akanyage karatasi jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo, aweke alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, kisha apime. Hesabu yake: ongeza sentimita 1.5, halafu zidisha mara 1.5. Mguu wa 24.5 unakuwa 26, mara 1.5 ni 39. Na wewe pima urefu wa ndani ya kiatu, uandike kwenye tangazo.

3. Unasafiri lini na kwa njia gani?
Hapa wengi tunapasahau. Mtu wa Mafia anayeitwa Dodoma anapanda boti hadi Nyamisati, gari hadi Mbagala, halafu basi au treni ya SGR. Mshauri asafiri na ndala au raba, kiatu kikae kwenye mfuko wa nailoni, maji ya chumvi yasikiguse. Na kimfikie angalau wiki moja kabla, akivae ndani ya nyumba nusu saa kila siku. Kikimbana, anakurudishia mapema na unambadilishia. Kikimfikia usiku wa safari, hana ujanja.

Kumbuka pia hali ya mfuko wake. Matangazo ya usaili ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Hiyo elfu thelathini imetoka kwenye nauli. Usimsukumie cha elfu hamsini kwa sababu tu kimekaa sana kabatini kwako.

Tangazo liandikwe hivi

Badala ya "Viatu vya ofisini vipo, karibuni inbox", andika: "Cheusi, soli ya mpira, kimeshonwa pembeni, urefu wa ndani sm 26, bei elfu 28. Video nikikikunja hii hapa." Video ya sekunde kumi inamjibu mteja maswali mengi.

Yule mdogo wangu hakuipata ile kazi. Siwezi kusema ni kwa ajili ya kiatu, na siwezi kusema siyo. Juzi akaniandikia tena, ameitwa hotelini Utende. Kwa kweli sikutegemea arudi kwangu. Safari hii nilimuuliza yote matatu, nikakikunja kiatu mbele ya kamera, kikamfikia siku tisa kabla.

Majibu bado anasubiri. Ila kiatu kimerudi nyumbani kizima.

Wewe unayeuza viatu, leo hii fungua kabati, anza kukunja kimoja kimoja. Utakachokikuta kimekufa, bora ukigundue wewe kuliko mteja.