Kitasa Kipya, Ufunguo ni wa Nani?

Ufunguo ni amana. Anayeushika ndiye mwenye uwezo wa kuingia na wa kuwazuia wengine. Ukweli huu haukubadilika komeo la mti lilipoiachia nafasi kufuli ya chuma, wala haubadiliki leo tunapouziwa vitasa vya kielektroniki vifunguliwavyo kwa nambari ya siri, alama ya kidole au simu ya mkononi.

Sivibezi vitasa hivi. Mpangaji anapohama na ufunguo wa chuma, nani ajuaye amechongesha nakala ngapi? Nambari ya siri hufutwa na nyingine ikawekwa kwa dakika chache.

Hata hivyo, mnunuzi na aanze kwa kuutazama mlango wake. Vingi vya vitasa hivi vimeundiwa mlango wa mbao, ilhali nyumba nyingi za kupanga nchini zina milango ya chuma yenye komeo na kufuli. Pili, achunguze betri. Kwa kuwa vingi hutumia betri, umeme ukipotea mlango hufunguka kama kawaida. Lakini betri nazo huisha. Heri kile chenye tundu la ufunguo wa kawaida. Tatu, kifunguke kutoka ndani kwa mkono mtupu, kwani moto haumsubiri mtu akumbuke tarakimu.

Lakini swali kuu halijibiwi dukani. Zamani, mwenye nyumba aliyetaka kumfungia nje mpangaji mwenye deni alilazimika kuja na kufuli yake, majirani wakishuhudia. Leo aweza kuifuta nambari akiwa kitandani kwake, naye mwanafunzi akabaki nje, vitabu ndani, usiku wa kuamkia mtihani. Isitoshe, baadhi ya vitasa huweka kumbukumbu ya kila anayeingia na saa aliyoingia. Je, kulipa kodi ni kununua makao au kujitia chini ya ulinzi?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inaziweka alama za vidole katika kundi la habari nyeti. Na kwa sababu nzuri: nambari ikiibwa hubadilishwa; kidole hakibadilishwi.

Kwa hiyo walimu na wanafunzi mnaopanga nyumba, msitie sahihi mkataba kabla ya kuuliza. Iandikwe kwamba mpangaji atajiwekea nambari yake mwenyewe. Kwamba mwenye nyumba hataingia bila taarifa ila kwa dharura. Na kwamba nambari haitafutwa bila kufuata sheria. Mwenye nyumba mwadilifu hatapungukiwa na kitu kwa masharti hayo. Atakayeyakataa atakuwa amekwisha kutuonyesha kwa nini alikinunua kitasa hicho.