Vijikaratasi vya Sagamoyo na Uonevu wa Mtandaoni

Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, kuna vijikaratasi vinavyorushwa vikiwataka watu wahame. Watahiniwa wengi huvitaja kwa mstari mmoja chini ya uongozi mbaya, kisha wakaendelea na safari. Rudi uvisome tena ukiikumbuka simu yako.

Mchukue msichana wa Kayole ambaye picha yake imetumwa bila idhini katika kikundi cha WhatsApp, na nambari iliyoituma haijulikani. Matusi yanaumiza, lakini kinachomnyima usingizi ni kwamba kesho, pale steji ya matatu, yeyote anayemtazama huenda ndiye aliyeituma. Kijikaratasi hufanya kazi vivyo hivyo. Kwa kuwa hakina mwenyewe, jirani wote hugeuka washukiwa. Tena karatasi ungeweza kuichoma. Picha iliyokwisha kusambazwa utaichomea wapi?

Sasa njoo Mangweni, kwa Mamapima. Ngurumo anamkejeli Tunu huku walevi wenzake wakimuunga mkono. Wanafunzi humchambua Ngurumo na kuwasahau hawa wengine, ilhali wao ndio wanaompa nguvu. Bila hadhira, Ngurumo ni mlevi anayejisemea peke yake. Mtandaoni hadhira hiyo ni yule aliyejilaza kitandani Umoja au Donholm, akabonyeza kikatuni cha kucheka, akamtumia rafiki, akalala. Yeye husema hakuandika lolote. Kweli hakuandika.

Usipite haraka jambo hili pia: Tunu hudhihakiwa, halafu huvamiwa na kuumizwa mguu. Msomaji anayeufuata mfululizo huo haoni tena kejeli kuwa mzaha mtupu. Hata sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta, katika kifungu cha 27, inauadhibu unyanyasaji wa mtandaoni kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Tahadhari ya mtihani: usiandike kwamba Kigogo inahusu uonevu wa mtandaoni. Haiuhusu, na mtahini hatakupa alama kwa habari za WhatsApp. Ulinganisho huu ni wa kukusaidia kuelewa. Hoja zako zitoke Sagamoyo.

Zoezi: Vitisho na kejeli ni silaha za kuwanyamazisha wanaotetea haki. Thibitisha kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo. (alama 20)