SOLA HAILI JOTO, INAKULA MWANGA (na kivuli kidogo tu kinakufilisi)

Mwaka jana nilitoa hela ya mzigo wa sukari nikanunua betri mpya ya sola. Taa za duka zilikuwa zinazima saa mbili usiku, muda ule ule wateja wanatoka kazini, na fundi alishasema betri imekufa. Wiki mbili mbele, taa zikazima tena saa mbili. Na ile ya zamani nilishaiuza chuma chakavu!

Shida ilikuwa sijui paneli inafanyaje kazi. Nilidhani jua linaichoma, joto ndio linakuwa umeme. Sivyo kabisa.

Iangalie kwa karibu, utaona vipande vipande vya bluu au vyeusi. Kila kipande ni seli, imetengenezwa kwa silikoni. Ina matabaka mawili: moja limetiwa fosforasi kidogo, lina elektroni za ziada. Lingine limetiwa boroni, lina nafasi za elektroni zilizo wazi. Pale yanapokutana panakuwa kama geti la kupita upande mmoja tu. Mwanga ukigonga silikoni unang'oa elektroni, geti linaisukuma upande mmoja, na kurudi kwa njia ile ile haiwezi. Inabaki njia moja: ipite kwenye waya, ichaji betri yako, ndio irudi upande wa pili. Huo mzunguko ndio umeme. Hakuna kinachoungua humo ndani, ndiyo maana paneli nzuri inafika miaka 20 na zaidi.

Sasa shika hii. Seli moja inatoa kama nusu voliti tu, haichaji hata kitochi. Kwa hiyo zinaungwa kwa mstari. Paneli ya kuchaji betri ya voliti 12 mara nyingi ina seli 36, zote pamoja zinafika kama voliti 18 zikiwa kazini. Ni kama vijana wanaopokezana matofali saiti: mmoja akisinzia, mstari mzima unakwama. Seli moja ikifunikwa na kivuli, paneli inaweza kupoteza nusu ya nguvu au zaidi, hata kama kwa macho unaona sehemu kubwa inapigwa jua.

Mimi kilichonimaliza ni kibao changu kipya cha duka. Nilikipandisha juu ya bati kwa mbwembwe, kumbe kuanzia saa nane mchana kivuli chake kinakata kona ya paneli. Aliyekiona ni binti wa jirani, yuko Form Three, alikuja kununua unga. Nikakishusha siku ile ile, taa zikaanza kufika saa nne.

Joto nalo ni adui. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa seli ikiwa nyuzi 25. Juu ya bati inaweza kufika 60, na kila nyuzi inayozidi inakula karibu asilimia 0.4. Usiilaze kwenye bati, acha upenyo wa kiganja upepo upite.

Vumbi futa asubuhi mapema, kioo kikiwa cha baridi.

Na fundi akikwambia betri imekufa, mwambie kwanza apime ampea zinazotoka kwenye paneli, saa nne asubuhi halafu saa tisa mchana, mkiwa wote mnaangalia kivuli kiko wapi.