Kompyuta ya Zamani na Mfumo Endeshi Huria

Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa mfumo wa Windows 10 ulifikia kikomo. Windows 11 hudai chembe ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Shule iliyoko Elerai, jijini Arusha, iliyopewa kompyuta zilizokwisha kutumika ofisini, yaweza basi kujikuta na mashine nzima ambazo hazipokei mfumo mpya. Je, zitupwe?

Mfumo endeshi ni programu kuu iongozayo kazi za kompyuta: hugawa kumbukumbu, husoma diski, huamrisha skrini na printa, na huzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Mashine na mfumo wake ni vitu viwili mbalimbali, na mfumo waweza kubadilishwa.

Mfumo huitwa huria iwapo amri zake, kama zilivyoandikwa na watungaji, ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini kiitwacho Linux. Kutokana na kazi hizo mbili imezaliwa mifumo mingi. Mmojawapo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo, kwani ni ndugu wa neno utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Nako wilayani Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential limeziwekea shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ziendeshwazo kwa umeme wa jua na kwa mfumo wa jamii ya Linux.

Kwa mashine kuukuu, Linux Mint hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski. Faili lake ni zito kwa kifurushi cha simu. Lakini mwalimu akilipakua mara moja palipo na intaneti nzuri, aweza kulitia kwenye flashi na kuliweka katika kompyuta zote za shule bila kuvunja sheria, maana leseni yenyewe yaruhusu kunakili.

Kompyuta huwashwa kwanza kutoka kwenye flashi hiyo, na mfumo hufanya kazi bila kugusa diski. Huo ndio wakati wa kujaribu sauti, mtandao na hasa printa. Programu ya hesabu za shule iliyotungwa kwa Windows pekee huenda isifanye kazi; LibreOffice hufungua nyaraka nyingi za Word, ila mpangilio wa majedwali huweza kuyumba. Baada ya majaribio, alama na nyaraka zote zinakiliwe katika diski ya nje, kwa kuwa kuchagua kufuta diski wakati wa usimikaji huondoa kila kitu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine yaweza kushindwa kuwaka hadi usimikaji urudiwe. Kompyuta ya mezani na iunganishwe na betri ya akiba.