Kijitabu cha Chuo Kifike Kabla ya Mvua



Katika vikundi vingi vya Bungoma na Trans Nzoia hukosi kuona kijitabu au karatasi kutoka chuo fulani cha kilimo. Pengine mwanachama mmoja alienda kozi ya wiki moja akarudi nacho. Huku Kitale, kwa mfano, kuna chuo cha Manor House kilichoanza mwaka 1984 na kujulikana kwa mafunzo ya kilimo hai. Mtu akitoka kozi kama hiyo, jirani zake wanataka kuona yale aliyofundishwa yameandikwa, kwa sababu maneno ya mdomo husahaulika njiani.

Vyuo kuchapisha si jambo geni Afrika ya Mashariki. Gazeti la Msimulizi lilianza kutoka mwaka 1888 katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, huko Unguja. Wanafunzi walishiriki kuliandika, na habari nyingine zililetwa kutoka vituo vya mbali. Yaani vituo vilileta, chuo kikakusanya. Mpango huo bado ni mzuri kuliko ule wa mwalimu kukaa ofisini peke yake, akapiga chapa maandishi yake ya darasani, halafu kutuletea maboksi. Ndiyo maana tunawaandikia ninyi na siyo vyuo peke yake. Chuo kikitaka kuwaandikia kijitabu, ingieni katika kazi hiyo mapema.

La kwanza ni tarehe. Kijitabu cha kupanda mahindi kikifika mwezi wa Mei, kimefika mwaka ujao. Mvua ndefu kwetu inaanza Machi, na wengi tunapanda kati ya Machi na Aprili. Basi hesabuni kurudi nyuma. Mwisho wa Februari kijitabu kiwe mikononi mwa watu. Januari kiwe kwa mpiga chapa, tena mapema, kwa sababu shule zikifunguliwa anakuwa na kazi za kila aina. Novemba na Desemba ni wakati wa kukijaribu kwa wakulima. Kwa hiyo kuandika na kuchora kuanze Septemba. Mtu akisikia Septemba anacheka, ati mbona mbali hivyo! Lakini pale chuoni maandishi yanapita kwa mwalimu wa somo, mchoraji, mpiga taipu, mkuu wa chuo na mweka hazina, na kila mmoja anakaa nayo. Ombeni mtu mmoja tu apewe kazi ya kushika nakala halali. Asipokuwepo huyo, nakala tatu tofauti zitazunguka na ile mbaya ndiyo itakayochapwa.

La pili ni namba, na hapa ndipo hasara kubwa inapotokea. Chukueni mfano wa MBILI, upandaji uliosambazwa na shirika la SACRED Africa la Bungoma. Wengi wetu tunaacha sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi na kuweka mstari mmoja wa maharagwe katikati. Katika MBILI, mistari miwili ya mahindi inasogezwa mpaka iachane sentimita 50, halafu unaacha nafasi ya sentimita 100 kabla ya jozi nyingine. Ndani ya nafasi hiyo pana unapanda mistari miwili ya maharagwe au njugu karanga, nayo inapata jua. Hamsini na mia ni 150. Ukigawanya kwa mistari miwili unapata 75 ile ile, maana yake mahindi hayakupungua shambani. Hata jina limechaguliwa vizuri: mkulima akikumbuka jina amekumbuka nusu ya somo.

Sasa hebu fikirini mpiga taipu ameandika 50 mahali pa 100. Mkulima anayeamini karatasi atapanda mistari yote kwa sentimita 50. Mbegu na mbolea ya mahindi vitaongezeka kwa nusu nzima, na maharagwe yatakaa kivulini yasizae. Kosa la herufi katika hadithi msomaji analiruka, lakini kosa la namba katika kijitabu cha kilimo linaliwa na familia msimu mzima. Kwa hiyo kila namba isomwe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti kutoka maandishi ya mwalimu, mwingine akifuata kwa kidole kwenye kile kilichopigwa taipu. Baada ya hapo namba ile ile ionekane pia ndani ya mchoro.

Kuhusu picha, mchoro wa mistari unashinda picha ya kamera kama kazi itatolewa fotokopi. Viwavijeshi vamizi vilipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, jambo la muhimu lilikuwa mkulima kumtambua kiwavi huyo: ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Piga picha, itoe fotokopi, na yote hayo yanageuka weusi mtupu. Mchoro unayaonyesha wazi. Lakini kando ya kiwavi mkubwa wa mchoro, chora punje ya mahindi yenye ukubwa wa kulingana naye, la sivyo kuna mzee atakayesema kwake hakuna mdudu mkubwa namna hiyo, naye atakuwa na haki.

Lugha nayo ina mambo. Trans Nzoia ni mchanganyiko wa watu, hivyo Kiswahili ndicho kinachofika kwa wengi. Vijijini Bungoma, Kibukusu kinaingia ndani zaidi, hasa kwa majina ya magugu na wadudu. Gugu la striga, kwa mfano, Wajaluo wanaliita kayongo na Watanzania kiduha. Andikeni kijitabu kwa Kiswahili, halafu wekeni majina ya kienyeji kando ya mchoro. Majina hayo mnayajua ninyi, siyo mwalimu.

Kukijaribu kijitabu, msiulize watu, "Mmeelewa?" Kwa heshima kila mtu atajibu ndiyo. Mpeni mama mmoja kijitabu, kamba na vijiti, kisha mwacheni apime mistari mwenyewe bila kuelezwa neno. Pale anaposimama na kurudi nyuma kusoma, hapo ndipo pa kuandika upya. Watu watano au sita wa namna hiyo wanatosha, wawe pamoja na wale ambao hawakusoma sana.

Tukija kwa mpiga chapa, karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4. Ndiyo sababu kurasa huhesabiwa 8, 12, 16 au 20. Mkiwa na kurasa 17 mtalipia 20. Kijitabu cha kurasa 16 kinatumia karatasi 4, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inatoa vijitabu 125, bila jalada na bila zile zinazoharibika. Fotokopi ina bei ile ile kwa kila ukurasa, lakini chapa ya mashine kubwa ina gharama ya kutengeneza bamba hata kabla nakala ya kwanza kutoka. Ulizeni bei ya nakala 200 na ya nakala 500, kisha mlinganishe. Msivutwe na urahisi wa nakala 1,000 kama wanachama ni 150, kwa maana nyingine zitakuwa chakula cha mchwa. Jina na anwani ya mpiga chapa viwe ndani ya kijitabu, kwani sheria ya Kenya inataka hivyo. Ongezeni mwezi na mwaka, ili mtu akikipata baadaye ajue ushauri huo ni wa lini.

Vijitabu vikishagawiwa, bakizeni kimoja, mkifunge kwa kamba kwenye meza ya kikundi pamoja na kalamu. Mkulima akiona kosa, au akiwa na njia iliyo bora, aandike hapo hapo kwenye ukurasa. Septemba ikifika, nakala hiyo iliyochafuka ndiyo ipelekwe chuoni.